Taifa Ndani ya Mchezo: Wakumani wa Nyika na Waungwana wa Ujiji



Msafiri Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, akaitaja pwani hiyo kuwa ni nchi ya Sawahil. Kabla ya muongo huo kwisha alikuwa amekwisha kuvuka nyika pana zilizo kaskazini ya Bahari Nyeusi, ambazo waandishi wa Kiislamu waliziita nyika za Wakipchaki. Katika zama zake walikuwa wachache mno walioziona nchi zote mbili kwa macho yao. Siku hizi vijana wanaokaa mbele ya kompyuta huzikuta pamoja kwa usiku mmoja, kwa kuwa nyika zile na pwani hii zimetiwa katika michezo ya mikakati inayoigiza Zama za Kati. Mhadhara huu unauliza jambo moja: watu na lugha yao hupatwa na nini wanapoingizwa katika mchezo wa namna hiyo, na je, mji kama Ujiji, uliopo kando ya Ziwa Tanganyika, ungeweza kuingia humo ukabaki Ujiji?

Kwa wasioizoea, michezo hii huenda hivi. Mchezaji huchagua taifa, akakusanya chakula, miti, mawe na dhahabu, akajenga mji, akaunda jeshi na kupigana na mataifa mengine. Kila taifa hupewa fadhila zake zisizobadilika: hili hujenga upesi, lile hupata dhahabu zaidi, jingine lina askari ambao wengine hawanao. Mchezo mashuhuri wa aina hii, Age of Empires II, ulitoka mwaka 1999, na katika toleo lake jipya la Novemba 2019 waliongezwa Wakumani, watu wa jamii ya Kituruki waliotawala nyika hizo tangu karne ya 11 hadi walipovunjwa na Wamongolia katika karne ya 13. Fadhila zao ni za kasi. Wana mpiga upinde wa farasi aitwaye Kipchaki, anayefyatua mishale kadhaa kwa mpigo, na huruhusiwa kujenga kituo cha pili cha mji mapema kuliko wengine. Ipo pia hadithi ya mkuu wao, Kotyan Khan, anayewakimbiza watu wake kuelekea Hungaria.

Si uongo. Kotyan alikuwapo, aliingia Hungaria mwaka 1239 na umati wa watu wake, akapewa hifadhi na Mfalme Béla wa Nne, na mwaka 1241 akauawa mjini Pest kwa kushukiwa kuwa jasusi wa Wamongolia. Watengenezaji wa mchezo walisoma historia yao. Tatizo liko kwingine. Jina lenyewe la taifa lilitoka kwa majirani: Warusi waliwaita Polovtsi, Waislamu Wakipchaki, Wagiriki na Walatini Wakumani, Wahungaria Kun, na nyuma ya majina hayo kulikuwa na makabila mengi yaliyoungana na kutengana kadiri ya malisho na vita. Tena maelfu ya vijana wao waliuzwa utumwani kupitia bandari za Bahari Nyeusi. Baadhi yao walifikishwa Misri, wakafanywa askari, na mmoja wao, Baybars, akawa sultani mwaka 1260. Mtu aliyezaliwa nyikani, akauzwa, akasilimu, akazungumza Kiarabu na kutawala Kairo, huyo ni wa taifa gani? Mchezo hauna nafasi ya kuliandika jibu lake.

Kwa mwanaisimu, kilicho bora zaidi katika urithi wa Wakumani ni kitabu. Kodeksi ya Kumani, iliyohifadhiwa katika maktaba ya Marciana mjini Venice na yenye tarehe ya mwaka 1303, ina safu tatu za maneno: Kilatini, Kiajemi na Kikumani. Sehemu ya kwanza ni ya wafanyabiashara. Mna vipimo, bidhaa, viungo na vitenzi vya sokoni. Sehemu ya pili ni ya mapadri, wengine wao Wajerumani, nao waliandika nyimbo za dini, Sala ya Bwana na vitendawili zaidi ya arobaini, ambavyo ni miongoni mwa vitendawili vya kale kabisa vilivyoandikwa katika lugha yoyote ya Kituruki. Padri aliyekwenda kuongoa watu akakaa kuwasikiliza wakitegeana vitendawili ni mtu wa kushukuriwa.

Huko Hungaria, wazao wa Wakumani walikaa mamia ya miaka, wakaacha lugha yao na kuchukua Kihungaria. Mtu anayetajwa kuwa wa mwisho kuifahamu, István Varró wa mji wa Karcag, alifariki mwaka 1770. Kilichobaki vinywani ni Sala ya Bwana, iliyorithishwa kwa kukaririwa na kufundishwa watoto wa eneo hilo ambao hawakuelewa maneno yake moja moja, na ambayo iliharibika kidogo kidogo kama sarafu inayopita mikono mingi. Inaanza kwa maneno yenye maana ya “Baba yetu”.

Hapo ndipo Kiswahili kinapoingia. Mwaka 2005 ulitolewa mchezo mwingine wa mikakati, Civilization IV, ukiwa na wimbo wa ufunguzi uitwao “Baba Yetu”, uliotungwa na Christopher Tin kwa maneno ya Sala hiyohiyo katika Kiswahili. Mwaka 2011 wimbo huo ulipata tuzo ya Grammy, wa kwanza miongoni mwa nyimbo zilizotungwa kwa ajili ya michezo ya kompyuta. Kwaya nyingi za Ulaya, Asia na Marekani zimeuimba, aghalabu na waimbaji wasiojua neno jingine la Kiswahili. Ni wimbo mzuri, na hakuna sababu ya kuuonea kijicho. Lakini katika orodha ya mataifa ambayo mchezaji wa Civilization IV aliweza kuchagua, Waswahili hawakuwamo. Lugha ilipewa kazi ya kupiga hodi katika nyumba ambayo wenyewe hawakualikwa.

(Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza akiona kwamba lugha nyingi za Kituruki nazo zina neno “baba” lenye maana ya mzazi wa kiume au mzee, hufurahi na kudai undugu wa lugha. Roman Jakobson alieleza kitambo kwamba watoto wa dunia nzima huanza na sauti za midomo, na wazazi wa dunia nzima hudhani wanaitwa wao.)

Waswahili wenyewe wanapotokea katika michezo hii, hutokea kwa namna mbili. Kwanza huwa bidhaa. Katika Civilization VI, ya mwaka 2016, Zanzibar ni mji mdogo usioweza kuchaguliwa na mchezaji. Anayeupata urafiki wake hupewa mdalasini na karafuu, hata kama mchezo bado uko katika zama za kale. Karafuu ilipandwa Unguja mwanzoni mwa karne ya 19. Pili huwa mandhari ya safari za wengine. Toleo la Age of Empires II la mwaka 2015 lililohusu Afrika liliwapa nafasi Waberberi, Waethiopia, Wamali na Wareno, na moja ya hadithi zake humfuata Francisco de Almeida, ambaye mwaka 1505 aliivamia Kilwa na kuichoma Mombasa. Kati ya mataifa manne ya toleo la Afrika, moja lilitoka Ulaya, nalo ndilo lililoiteka pwani hii. Hivi karibuni, Februari 2025, Civilization VII iliwaingiza Waganda, na hiyo ni hatua ya kuisogelea nchi ya maziwa makuu. Buganda, hata hivyo, huingia kwa urahisi katika kalibu ya mchezo: ina mfalme, ina mji mkuu, ilikuwa na kikosi cha mitumbwi ya vita, na jina lake halina utata.

Ujiji hauna mambo hayo. Richard Burton na John Speke walipofika mwaka 1858 waliukuta ni mkusanyiko wa vijiji chini ya wakuu wa Wajiji, jamaa wa Waha, pamoja na wafanyabiashara wachache kutoka pwani na Omani, ambao kwa maelezo ya Burton walianza kufika yapata mwaka 1840. Stanley, aliyefika mara ya kwanza mwaka 1871 na kurudi mwaka 1876, aliona sehemu mbili: Ugoi, walikokaa Waarabu, na Kawele, walikokaa waungwana, watumwa na wenyeji. Sokoni kulikuwa na mawese kutoka Urundi, chumvi ya Uvinza, samaki, nafaka, pembe za ndovu, na watu wa kuuzwa. Shanga ziitwazo sofi zilitumika kama fedha ndogo.

Neno la kushikwa hapa ni “waungwana”. Pwani, muungwana alikuwa mtu huru wa ukoo unaojulikana, kinyume cha mtumwa; ndiyo maana hata leo neno hilo lina harufu ya adabu. Neno lilipopanda na misafara hadi ziwani, maana yake ilihama. Bara, muungwana alikuwa yeyote mwenye mwenendo wa pwani: aliyevaa kanzu au shuka nyeupe, aliyejiita Mwislamu, aliyebeba bunduki na kusema Kiswahili. Angeweza kuwa bado ni mtumwa wa mtu kisheria, na pwani asingethubutu kujiita hivyo. Lakini Kawele aliitwa muungwana na akaitika. Ni nadra kuona neno likigeuka namna hii katika muda mfupi, kutoka kutaja nasaba hadi kutaja mwenendo. Kisha neno likavuka ziwa. Kiswahili kilichosambaa upande wa magharibi, hadi Maniema na kwingineko mashariki mwa Kongo, kiliitwa Kingwana, yaani lugha ya hao waungwana. Alama za njia hiyo zimo hata katika sauti. Salamu ambayo Stanley aliiandika tena na tena katika safari zake ni “yambo”, kwa y, na hivyo ndivyo wengi wanavyosalimiana mpaka leo katika Kiswahili cha Kongo. Mtengenezaji wa mchezo angeandika “jambo”, kama inavyochapwa kwenye fulana za watalii.

Safari ya pili ni ya jina “Wamanyema”. Hapo awali ni jina la nchi iliyo ng’ambo ya ziwa. Watu wa makabila mengi waliotoka huko, au waliopitia huko, wakiwa mateka, wapagazi, askari, wake na vijakazi, walipokaa Ujiji, Tabora, Bujumbura na hatimaye Dar es Salaam, walijiunda kuwa jamii moja kwa jina hilo. Kizazi cha kwanza kilikuwa na lugha nyingi za nyumbani; wajukuu wana Kiswahili. Aliyeletwa Ujiji kwa nguvu akiwa mtoto aliweza kuzeeka akiwa Mmanyema, muungwana na mwanachama wa zawia, na majina yote matatu yakawa ya kweli.

Yafaa hapa kukumbuka kwamba mwambao wa ziwa ulikuwa na mchezo wake wa mikakati. Bao la Kiswahili lina mashimo 32 katika safu nne, na kete 64. Kila mchezaji huanza na kete 10 ubaoni na 22 mkononi. Katika hatua ya namua huziingiza moja moja, na zikiisha mkononi huingia hatua ya mtaji. Jirani yake, igisoro ya Rwanda na Burundi, nayo ina safu nne za mashimo manane. Neno “kete” lilitumika pia kwa simbi, na katika biashara ya misafara Burton aliliandika kama kipimo cha shanga zilizotungwa, kete kumi zikifanya fundo moja. Mtu wa Ujiji katika miaka ya 1860 aliweza kuhesabu kete sokoni asubuhi na kete barazani jioni.

Katika sataranji, kipande kikiliwa hutolewa nje. Katika Age of Empires, askari akishindwa hufa na mwili wake kutoweka. Katika bao, kete zilizoliwa hazitoki ubaoni. Hupandwa upande wa aliyezila, kuanzia kichwani, na tangu hapo humpigania yeye. Kete haina rangi wala sare. Uko upande wa nani ni suala la shimo ililomo sasa. Anayeijua historia ya Kawele hawezi kuitazama kanuni hiyo bila kushtuka. Mfano usivutwe mno, kwani kete haina mama aliyeachwa ng’ambo. Hata hivyo, bao linaonyesha kwamba mchezo wa vita unaweza kuchezwa, na kuchezwa kwa akili nyingi, bila kumgandisha kila mtu katika taifa moja la kudumu.

Iwapo siku moja vijana wa Kigoma wataunda mchezo wao wa kompyuta kuhusu ziwa, watakutana na vishawishi viwili. Cha kwanza ni kuiga ya Wakumani: kumtafuta mpiga kasia wa vita, kumpa jina la kutisha na alama za ziada, na kumwita “Mjiji”. Cha pili ni kuupamba Ujiji kwa kuuondoa utumwa, ili uungwana ubaki kanzu, ubani na majahazi. Hicho cha pili ndicho kibaya zaidi, kwa kuwa wazao wa walionunuliwa na wazao wa walionunua bado ni majirani, na pengine ni ndugu, na wote wanajua. Wakitaka Zama za Kati za kweli, wasiende mbali: chemchemi za chumvi za Uvinza, karibu na mto Malagarasi, zilifanyiwa uchunguzi wa kiakiolojia na John Sutton na Andrew Roberts katika miaka ya 1960, na dalili zinaonyesha kwamba chumvi ilichemshwa pale tangu takriban karne ya 5 au ya 6. Baadaye watu wa makabila mbalimbali walikuja kila kiangazi kuchemsha, wakatoa sehemu ya chumvi yao kwa watemi wa Wavinza. Ukweli huo ungetosha kujenga mchezo mzima, na mchezaji asingehitaji kumuua mtu ili ashinde.

Inabaki lugha. Michezo ya aina ya Age of Empires huwapa askari na wafanyakazi wa kila taifa maneno machache ya kuitikia wanapoamriwa: naam, nakwenda, nakata kuni. Wanaposemeshwa watu ambao lugha yao imekufa, wa kutafutwa ni aliyeandika. Kama si wachuuzi na mapadri wa karne ya 14, Wakumani wangekuwa na mishale bila maneno. Kwa Kiswahili hakuna hofu hiyo, wala kwa Kiha, chenye wasemaji wengi na watoto wanaokizungumza. Hofu iko kwa lugha ndogo za mwambao. Kibende kilibahatika: msamiati wake ulikusanywa na Yuko Abe na kuchapishwa Tokyo mwaka 2006. Atlasi ya Lugha za Tanzania ya mwaka 2009 iliorodhesha lugha za kila wilaya kwa idadi ya wasemaji, na anayeisoma kwa makini huona baadhi zimeshuka kiasi gani.

Mfano ulio wazi ni Kiholoholo. Waholoholo, ambao wasafiri wa karne ya 19 waliwaita Waguha, waliishi pande zote mbili za ziwa na walikuwa miongoni mwa watu wa mitumbwi walioliunganisha. Upande wa Tanzania lugha yao imebaki na wasemaji wachache, ambao maisha yao ya kila siku yanaendeshwa kwa Kiswahili, lugha ileile iliyowafikia kwa mitumbwi yao. Sarufi yake ya kitaalamu ilichapishwa na André Coupez mwaka 1955 huko Tervuren, Ubelgiji. Imeandikwa kwa Kifaransa, na haijawahi kuwa na mwenzake wa Kiswahili ambao mjukuu wa mvuvi wa Kiholoholo angeweza kuununua Kigoma na kumsomea bibi yake, ili bibi amwambie ni wapi Mbelgiji yule alisikia vibaya.